Wakalimani Wanauliza: Karatasi ya Kiingereza, Sauti ya Kiswahili

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni mkalimani hospitalini hapa Columbus, Ohio, na wagonjwa wangu wengi ni Wakongo. Daktari hunipa fomu ya ridhaa ya upasuaji yenye kurasa nne, husema "msomee asaini," kisha huyoo, ameondoka. Nianzie wapi? Na mgonjwa akiniuliza, "Kaka, nisaini?"

JIBU: Anza kwa kumzuia daktari. Fomu ya ridhaa ni ushahidi kwamba mazungumzo yamefanyika: mgonjwa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, kuna njia nyingine zipi, na itakuwaje akikataa. Kuyaeleza hayo ni kazi ya daktari. Wewe unakalimani tu. Akishatoka, swali la kwanza ("hiyo damu mtakayoniongezea ni ya nani?") linakuangukia wewe. Sema hivi, kwa lugha zote mbili ili mgonjwa asibaki nje ya maongezi: "Mkalimani anaomba daktari abaki, kwa sababu maswali ya mgonjwa kuhusu matibabu mkalimani hawezi kuyajibu."

Kisha omba dakika mbili tatu za kuipitia karatasi kimya. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kukwama katikati ya sentensi. Tafuta tarakimu, tarehe, majina ya dawa na vifupisho, uvinakili kwenye daftari lako, kamwe si kwenye fomu yenyewe. Kifupisho usichokijua kiulize kabla ya kufungua mdomo.

Ukianza, mtego mkubwa ni mpangilio wa maneno. Kiingereza hurundika sifa mbele ya jina, Kiswahili hutanguliza jina. Chukua "signed blood transfusion consent form". Ukianza kutamka macho yakiwa bado kwenye "signed", umepotea. Macho yafike kwanza kwenye "form", ndipo mdomo urudi nyuma: fomu ya ridhaa ya kuongezewa damu iliyotiwa saini. Sentensi ndefu ikate mbili au tatu, lakini "huenda" na "isipokuwa" visidondoke njiani. "Huenda ukavuja damu" na "utavuja damu" ni habari mbili tofauti, na mtu anaweza kukataa upasuaji kwa sababu ya hiyo ya pili.

Msamiati nao. Nusukaputi inaeleweka Dar es Salaam. Mtu wa Uvira au Lubumbashi huenda hajawahi kuisikia. "Dawa ya kukulaza usingizi wakati wa kupasuliwa" inafika kote.

Kuhusu "nisaini?", mfikishie daktari swali hilo jinsi lilivyoulizwa. Usitikise kichwa, usiguse hata mstari wa saini kwa kidole. Kidole nacho ni ushauri. Wewe mwenyewe saini pale palipoandikwa mkalimani tu. Kama nafasi iliyobaki ni ya shahidi, mwambie muuguzi, kwa maana shahidi anathibitisha jambo jingine.

Na kurasa nne ni nyingi. Ukurasa uliojaa huchukua dakika nne au tano kwa sauti, bila maswali, na mgonjwa mwenye maumivu hachukui muda kuchoka. Fomu inayotumika kila wiki ilipaswa kupelekwa kwa mfasiri ikaandikwa kwa Kiswahili. Lipeleke kwa msimamizi wako. Kufupisha kimyakimya si suluhisho, maana hapo wewe ndiye unayeamua mgonjwa asijue nini.

SWALI: Nilisoma barua ya majibu ya maabara, nikasema "kipimo ni chanya", mama wa watu akashukuru Mungu. Nilikosea? (Louisville, Kentucky)

JIBU: Neno ni sahihi, ila masikioni mwa wengi chanya ni habari njema na hasi ni mbaya. Sema neno lilivyoandikwa, halafu mjulishe mtaalamu: "Mkalimani ameona neno hili linaweza kueleweka kinyume. Tafadhali eleza maana yake." Yeye aeleze, wewe ukalimani.

Angalia pia saa. Jicho linaona 8:00 asubuhi, ulimi unateleza na kusema "saa nane". Hapo dozi imesogea saa sita nzima. Geuza saa zote kwenye daftari kabla ya kuanza: 8 ni saa mbili, 2 mchana ni saa nane. Tarehe ya Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/07 tamka "mwezi wa nne, tarehe saba", la sivyo mtu atafika kliniki Julai. Dawa ya maji ikiandikwa mililita 5, sema mililita tano. Ukisema "kijiko" peke yake, kule nyumbani kinaweza kuchukuliwa kile kikubwa, ambacho hubeba kama mara tatu yake.

SWALI: Karani wa mahakama, Nakuru. Asubuhi nawasomea washtakiwa mashtaka kwa Kiswahili kutoka karatasi ya Kiingereza, na foleni ni ndefu. Naweza kusema tu "unashtakiwa kwa wizi"?

JIBU: Hapana. Ibara ya 50(2)(m) ya Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo, na tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, shtaka na vipengele vyake vyote muhimu lazima avielezwe kwa lugha anayoielewa. Tuseme karatasi ya mashtaka inasema wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambacho adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Ukisema "wizi", naye akajibu "ni kweli", anachokubali ni kuchukua kitu tu. Hakusikia silaha, hakusikia "akiwa pamoja na wengine ambao hawako mbele ya mahakama", hakusikia kupigwa kwa mlalamikaji. Soma tarehe, mahali, kitu na thamani yake, nguvu iliyotumika, kimoja baada ya kingine, ndipo aulizwe kweli au si kweli.

SWALI: Nikigeuza barua ya Kiswahili kwenda Kiingereza, "alimpiga akakimbia" niseme ni mwanamume au mwanamke? Na nani alikimbia?

JIBU: Usikisie. Kiingereza kitakulazimisha kuchagua, na katika maombi ya hifadhi chaguo lako linaingia kwenye faili kama maneno ya mwombaji. Simama, waambie wote waliopo kwamba Kiswahili hakionyeshi jinsia hapo na aliyekimbia hajulikani kwa hakika, kisha omba ruhusa ya kumuuliza mwenye barua. Akiwa hayupo, tumia "mtu huyo" kwa Kiingereza na useme wazi kwamba maandishi yenyewe hayabainishi.