Alizeti za Kukata: Zibananishe, Kisha Uzikate Mapema

Anayelima alizeti kwa ajili ya mafuta anataka kichwa kipana, shina nene na mbegu zilizojaa. Sisi tunaozilima kwa ajili ya maua ya kukata tunataka karibu kinyume chake: kichwa kinachotosha kiganjani, shina jembamba lakini gumu, na ua lisilodondosha kitu mezani. Watu huniuliza kwa nini alizeti zao zimetoka kubwa kama sinia, halafu siku ya pili ndani ya jagi shingo zimeinama. Kabla sijajibu huwa nawauliza walipanda kwa nafasi gani.

Lakini tuanze na mbegu. Kuna alizeti za matawi, zinazotoa maua mengi madogo kwa wiki kadhaa, na kuna za shina moja, zinazotoa ua moja na kazi ikaishia hapo. Ukitaka tu kuchuma mawili matatu ya kuweka sebuleni, za matawi zinakufaa sana. Zipe nafasi ya sentimita 45 au zaidi. Mimi kwa kukata hupanda za shina moja. Mashina yake yamenyooka, na shamba zima huchanua karibu kwa pamoja, hivyo naweza kupanga tarehe. Aina za ProCut na Sunrich zilizalishwa kwa kazi hii hasa. ProCut nyingi huwa tayari siku 50 hadi 60 tangu kupandwa, Sunrich huchukua muda kidogo zaidi.

Uzuri mwingine wa aina hizo ni kwamba hazina chavua. Alizeti ya kawaida itakumwagia unga wa njano kwenye kitambaa cha meza, na ikishachavushwa huanza kutunga mbegu, petali zikapukutika upesi. Ila hizi ni chotara, kwa hiyo usihangaike kutunza mbegu zake kwa msimu ujao. Watoto hawatafanana na mama. Uliza pia jinsi aina unayoinunua inavyoitikia urefu wa mchana. Zipo ambazo mchana ukiwa mfupi huharakisha kuchanua zingali fupi, na shina la urefu wa mkono halikusaidii kitu kwenye shada.

Panda moja kwa moja ardhini. Alizeti ina mzizi mkuu unaoshuka haraka, na haupendi kusumbuliwa. Ukilazimika kutumia trei, hamisha miche ingali midogo, kabla mizizi haijaanza kujizungusha ndani. Kina cha sentimita 2 hadi 3 kinatosha, na udongo uwe umepata joto, maana kwenye udongo wa baridi uliolowa mbegu huoza kabla ya kuchipua. Mambo yakienda sawa utaziona ndani ya siku 7 hadi 10.

Sasa hiyo nafasi. Mimi hupanda sentimita 15 kwa 15, mbegu moja kila shimo. Wakulima wengi wakiona hivyo hushtuka, wakidhani mimea itadhoofika. Ndivyo tunavyotaka, kwa kipimo: mimea ikibanana hugombea mwanga, ikapanda juu moja kwa moja, shina likawa jembamba na kichwa kikabaki kidogo. Ukiacha sentimita 30 utapata vichwa vikubwa na mashina ya kujaza mkono, mazuri kwa chombo kirefu kinachosimama sakafuni lakini si kwa shada. Kubananisha pia huziba magugu. Ukipalilia vizuri wiki za mwanzo, baadaye kivuli cha majani kinakufanyia palizi. Mwagilia chini kwenye udongo, usilowanishe majani, kwa sababu mimea iliyosongamana yenye majani yaliyolowa hukaribisha magonjwa ya ukungu kama kutu na ubwiri unga.

Mbolea nenda nayo taratibu. Mboji iliyooza vizuri inatosha kwenye udongo wa kawaida. Naitrojeni ikizidi, shina hunenepa na kulainika, majani yanakuwa makubwa ajabu, na uzuri wa ua hauongezeki.

Adui wa kweli ni ndege. Mche unapotoka, bado umebeba ganda la mbegu juu ya majani yake mawili ya kwanza, na ndege huona ganda lile kabla yako. Hung'oa mche mzima. Funika kwa wavu hadi majani halisi yatoke. Ukikuta mche umekatwa usawa wa ardhi na kulala pembeni, huyo si ndege. Fukua taratibu kwa kidole kuzunguka shina, utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja chini ya udongo. Mwondoe siku hiyohiyo, la sivyo kesho atahamia mche wa jirani.

Kwa kuwa kila mche hutoa ua moja, mstari uliokatwa umekwisha. Panda kidogo kila baada ya siku 7 hadi 14, usimwage pakiti yote siku moja.

Kukata ndiko nisikokubali mtu akufanye kwa haraka. Nenda alfajiri, mimea ikiwa imejaa maji. Alizeti zilizokaribia kukomaa hutazama mashariki, hivyo pita upande huo uzione usoni. Tafuta ua ambalo petali zake zimeshapata rangi na moja au mbili zimeanza kunyanyuka kutoka kwenye duara la katikati, nyingine zikiwa bado zimelala juu yake. Hilo ndilo la kukata. Litafunguka lenyewe ndani ya maji. Ondoa majani yote isipokuwa machache ya juu, kwa sababu majani ndiyo yanayonyonya maji na kulifanya ua linyauke, kisha litumbukize mara moja kwenye ndoo safi yenye maji mengi, uiweke kivulini kwa saa kadhaa kabla ya kufunga mashada.

Ndani ya nyumba, badilisha maji kila siku na upunguze ncha ya shina kila unapobadilisha. Shina la alizeti lina vinyweleo, huchafua maji upesi, na lenyewe hunywa kupita maua mengi, hivyo angalia jagi hata jioni. Ua lililokatwa kwa wakati hukaa siku 7 hadi 10. Lililokatwa nyuki wameshalizoea halifiki huko.