Shata anayoidai fundi wako siyo ya duka wala ya kamera

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba fundi anayekujengea nyumba Nzuguni amekuletea orodha yenye "shata 6 na fremu 6", kwamba kamusi ya Kiingereza imekupa maana ya kizuizi cha dirisha, na kwamba kijana wako anayepiga picha za harusi amekucheka akisema shata ni kitu cha kamera. Kamusi na kijana hawakukosea, lakini wa kusikilizwa hapa ni fundi, maana anachokidai ni mbawa za milango: ule ubao wenyewe unaofunguliwa na kufungwa, ambao mafundi wengine huuita topu. Fremu ni miimo na kizingiti vinavyoshikiliwa na ukuta. (Na fremu hiyo nayo, ukiitamka mbele ya mfanyabiashara wa hapa Dodoma, atadhani unatafuta chumba cha duka cha kupanga.)

Nakuambia haya kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa mtunza stoo katika mradi mmoja wa majengo upande wa Mtumba, nilikabidhiwa jedwali la milango lililoandikwa kwa Kiingereza, na neno shutter lilikuwa limejaa safu nzima. Mimi nimekulia karibu na maduka ya Majengo, ambako shata ni lile pazia la chuma linalosukumwa juu kila asubuhi kwa kelele ya kuamsha mtaa, kwa hiyo niliomba bei za milango ya aina hiyo kwa wauzaji watatu, na mmoja wao nikamlipa kabisa gharama ya kuja kupima. Mhandisi wetu, ambaye alisomea India, alisoma karatasi zangu kimya, kisha akaniuliza, "Bwana stoo, umeona wapi chumba cha kulala chenye mlango wa duka?" Ndipo aliponifafanulia kwamba katika michoro na zabuni za India neno hilo ndilo jina la kawaida la ubawa wa mlango, ilhali Waingereza huuita ubawa huo jani. Fedha ya kupima haikurudi.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kufunga, shut. Shata basi ni kile kinachoziba uwazi na kuuachia tena. Si uwazi wenyewe, wala si kiunzi kinachouzunguka. Ukishika hilo, matumizi mengi yanajieleza. Ya dirisha ni mbawa za mbao, mara nyingi zenye vipande vilivyolala mshazari ili hewa ipite jua likibaki nje, kama zinavyoonekana katika nyumba za kale za Zanzibar. Kwetu huku, pamoja na vumbi la kiangazi, watu wameegemea vioo vya aluminiamu, jambo ambalo mimi sioni kama ni maendeleo, kwani mbao zilituliza joto la saa nane mchana. Kuna nyumba nyingi Marekani zenye shata zilizopigiliwa ukutani kwa urembo tu, ambazo hazifungi chochote.

Ile ya duka imeundwa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyonasana, vinavyopita ndani ya mifereji miwili ya pembeni na kujiviringisha juu kwenye bomba lenye springi. Springi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito, na ikilegea, utamkuta mwenye duka akiomba msaada wa wapita njia. Kutokana na picha hiyo ya kufunga duka, magazeti ya Kiingereza hutumia neno hilo pia kama kitenzi, na hapo uwe mwangalifu: kiwanda kikielezwa kwamba kimekuwa shuttered, kwa kawaida maana yake ni kwamba kimesitisha kazi, pengine moja kwa moja, si kwamba wafanyakazi wamekwenda kulala.

Kuhusu kamera, kijana wako yuko sahihi, nami kwa kuwa nilipiga picha za sherehe kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia stoo, naomba nikae hapo kidogo. Daguerre alipotangaza picha zake huko Paris mwaka 1839, mwanga ulihitaji dakika kadhaa kuandika sura, hivyo mpiga picha aliweza kuondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono na kukirudisha. Vifaa vilipokuwa vyepesi kunasa mwanga, mkono haukutosha tena. Ikahitajika shata, na katika kamera nyingi za lenzi za kubadilisha shata hiyo ni mapazia mawili: la kwanza linafunua, la pili linalifuata likifunika. Ukiweka sekunde 1/500, mcheza ngoma wa Kigogo aliyeruka anabaki hewani kama amegandishwa. Ukiweka 1/30, miguu yake inakuwa ukungu. Lakini ukizidisha kasi kupita takribani 1/200 huku unatumia flashi, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunua, na bibi harusi anatoka na mkanda mweusi pembeni mwa picha. Nimewahi kurudisha fedha kwa sababu ya mkanda huo. Simu nyingi hazina mapazia hayo. Mlio unaousikia ni sauti iliyorekodiwa.

Maana moja inaenda kando kidogo na ufunguo niliokupa. Wajenzi huita pia kwa jina hilo mbao au mabati yanayoshikilia zege bichi hadi ligande, pamoja na mirunda inayoyategemeza. Hapa kinachozuiwa ni uji mzito wa saruji, kokoto na mchanga unaosukuma pande zote, na ndiyo maana mbao zisipokazwa vizuri nguzo huvimba tumbo.

Kwa orodha yako, idadi ya shata kulingana na fremu inaonyesha wazi kuwa ni milango. Hata hivyo, kabla hujatoa fedha, mwombe fundi aandike pembeni ya kila moja upana, urefu, na kama ni ya mbao za mninga au ya flashi (siyo ile ya kamera, bali mlango bapa usio na nakshi), kwa kuwa bei zake hazikaribiani hata kidogo.