Beringi za mbele zinavuma: maswali yenu ya mwezi huu

Kila masika yakianza kukatika, gereji yetu hapa Mbeya hupokea magari yenye ugonjwa mmoja. Yanatoka Tukuyu, yanatoka Chunya, mengine yamevuka madimbwi ya Usangu, na yote yana wimbo ule ule: gari linavuma mbele. Maswali yenu ya mwezi huu yamefuata mkondo huo wa beringi, yaani ile ringi ya chuma yenye gololi au rola ndani inayofanya gurudumu lizunguke laini, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Aliyeuliza kuhusu betri ya Noah anisubiri mwezi ujao.

Fundi, shikamoo. Corolla yangu ya 1998 inavuma kuanzia spidi 60. Fundi mmoja anasema ni tairi, mwingine anasema beringi. Nimwamini nani? (Mbalizi)

Marahaba. Usimwamini yeyote bado, anza na usukani. Tafuta mahali palipo wazi, pasipo na magari, nenda na hiyo spidi 60 kisha uyumbishe gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia. Mlio ukipanda hapo, mgonjwa mara nyingi ni beringi ya kulia. Ukipanda unapokata kulia, mtazame wa kushoto. Tairi halijali sana unakokata. Lenyewe hubadili sauti lami inapobadilika, pale kiraka kipya kinapokutana na lami ya zamani.

Bado una shaka? Piga jeki, weka stendi au gogo imara chini (jeki peke yake si ya kuaminiwa), shika springi ya shokapu kwa mkono mmoja na uzungushe tairi kwa mkono mwingine. Beringi iliyokwisha huitetemesha ile springi kama simu iliyowekwa mtetemo. Vidole vitakwambia kabla ya masikio. Halafu shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ukiwa unatikisa tena: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki hamia kwenye boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshikilia gurudumu). Ila usije ukasema beringi ni nzima kwa sababu tu tairi halichezi. Za gololi huvuma muda mrefu kabla ya kuanza kucheza.

Kamwene fundi. Dukani wamenitandikia boksi nne juu ya meza. Ya bei ya juu ni mara nne ya ile ya chini, na zote muuzaji anaapa ni orijino. Nachaguaje? (Mafinga)

Kamwene. Boksi nne, kiapo kimoja. Huyo ana imani kubwa.

Kiwanda kinachounganisha gari kwa kawaida hununua beringi kwa wenye kazi yao. Ukifungua boksi la Toyota, kwenye chuma chenyewe mara nyingi utasoma Koyo, NSK au NTN. Kwa hiyo beringi ya mtengenezaji huyo huyo ndani ya boksi lake mwenyewe ni chaguo zuri, na kawaida inakuwa nafuu. Kwa Wajapani ongeza Nachi. Kwa Wazungu kuna SKF ya Sweden, ambayo ipo tangu 1907, na FAG ya Ujerumani. Wamarekani wana Timken, wale ambao mzee wao alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya beringi ya rola za mshazari, yaani vipande vya chuma vya duara vilivyolala kwa kuinama badala ya gololi, mwaka 1898. Ukiona boksi limeandikwa JTEKT usishtuke. Ndiyo kampuni iliyoundwa mwaka 2006 Koyo ilipoungana na wenzake.

Neno "Japan" kwenye boksi halithibitishi kitu. Kampuni hizi zina viwanda Indonesia, Thailand, India na China, na beringi zake za huko ni halali kabisa. Anayechapisha boksi feki ndiye huandika Japan kwa herufi kubwa, maana anajua ndicho tunachotaka kusoma.

Sasa namba. Usiende dukani na jina la gari peke yake, kwa sababu Corolla za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa injini na kwa breki. Nenda na namba ya fremu, au beringi ya zamani mkononi. Namba za Toyota za beringi za gololi za magurudumu mara nyingi huanzia 90369, na zile za rola za mshazari 90368. Namba ya beringi yenyewe nayo inasomeka ukiijua lugha yake. Chukua DAC40740040: tundu la ndani milimita 40, kipenyo cha nje 74, upana 40. Muuzaji makini ana venia (kipimo cha milimita) kaunta. Mwombe apime mbele yako. Namba ya boksi na ya chuma lazima zifanane. Maandishi ya kwenye chuma yawe safi na ya kina kimoja, na ukiyasugua kwa kitambaa chenye petroli yasitoke. SKF wana programu ya simu inaitwa SKF Authenticate: unapiga picha, unawatumia, wanakujibu. Mtandao ukiruhusu, ifanye hapo hapo dukani na utazame uso wa muuzaji.

Kuhusu ile ya bei ya chini, tenganisha vitu viwili. Kuna beringi ya Kichina yenye jina lake yenyewe, haijifichi. Hiyo siitukani, nimezifunga kwenye magari ya kuzunguka mjini na zikakaa. Halafu kuna yenye jina kubwa la kuiba. Hiyo hata bure usichukue, kwa sababu aliyedanganya jina hakuwa na sababu ya kuhangaika na chuma. Ukiuziwa, risiti ya EFD yenye namba ya spea ndiyo itakayokusaidia kudai chako, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

Nimebadilisha beringi ya kushoto mara mbili ndani ya miezi mitano. Nauziwa feki? (Uyole)

Inawezekana. Lakini kabla ya kumfuata mwenye duka, niambie ilifungwaje.

Nikiwa kijana wa gereji tulikuwa tunafunga kwa nyundo na kipande cha bomba. Tuliona ni ufundi. Siku moja mzee aliyekuwa anatufundisha alichukua beringi tuliyoifunga wiki chache tu nyuma, akaikata kwa grainda, akaifuta grisi, akanipa nitazame juani. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na vishimo vidogo, vimepangana kwa nafasi sawa kama tundu za bao. Kila kishimo kilikuwa mahali gololi ilipokuwa imekaa nyundo iliposhuka. Beringi ilikuwa ya jina kubwa, halali kabisa, na tuliiua sisi kabla gari halijatoka getini.

Dawa ya nyundo ni presi, mashine inayosukuma beringi taratibu bila kuigonga. Kanuni yake ni moja: sukuma ile ringi inayobana. Unapoingiza beringi kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), sukuma ringi ya nje. Unapoingiza habu, ringi ya ndani ya beringi ndiyo iegemezwe kwa chini. Ukisukuma ringi isiyo yake, nguvu yote inapita kwenye gololi.

Jambo la pili ni habu yenyewe. Ringi ya ndani ikishawahi kuzunguka juu ya habu huilamba (huila chuma chake), na hapo beringi mpya haibani tena. Mafundi wengine hupiga sentapanchi (chuma chenye ncha cha kutia alama) kuzunguka habu ili "ikaze". Hiyo ni dawa ya wiki mbili. Habu iliyolambwa inabadilishwa.

La tatu ni nati kubwa ya katikati. Kwenye beringi hizi, nati ndiyo inayozibana ringi mbili za ndani zikae pamoja, kwa hiyo ikilegea, beringi inajitafuna. Magari madogo mengi ya Toyota hutaka takriban Nyutoni-mita 200, lakini fuata kitabu cha gari lako. Kuelewa 200 ni nini, chukua bomba la mita moja juu ya spana, kisha tundika ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha yake. Ndiyo hiyo. Si kijana kuruka juu ya spana, wala si kukaza "mpaka ilie". Tumia toku renchi, spana yenye kipimo cha nguvu. Na gari lisisukumwe hata hatua moja likiwa limekanyaga chini kabla ya nati hiyo kukazwa kwa kipimo.

Kwa hiyo ukinunua beringi, muulize fundi kama ana presi. Akikujibu "hiyo ndogo tu, tunaigonga", chukua beringi yako utafute karakana yenye presi.

Je, ninunue chuma kizima cha mtumba kutoka Japan, kikiwa na habu na beringi yake? Wengi hapa Njombe wanafanya hivyo. (Njombe)

Hapa tutagombana na wenzangu, lakini simkatazi mtu. Ina faida moja ya kweli: beringi ile imefungwa kiwandani na haijaonja nyundo. Hasara ni kwamba hujui imekwenda kilomita ngapi, wala ilikaa kwenye mvua kiasi gani. Zungusha habu kwa mkono, polepole, sikio karibu. Ukisikia mchanga, au ikikwama mahali pamoja, iache. Tazama kutu kwenye ukingo wa sili (kizibo cha kuzuia maji na vumbi). Kama habu yako imelambwa na habu mpya haipatikani, mtumba mzuri unashinda beringi mpya juu ya habu mbovu. Kama habu yako ni nzima, nunua beringi mpya.

Naweza kufungua sili niongeze grisi ili idumu? (Vwawa)

Hapana. Ile iliyofungwa kiwandani imewekewa kiasi chake, na ukiifungua unaikaribishia vumbi.

Nina pikapu ya Peugeot 504, inashusha viazi kutoka Isyonje. Beringi za mbele zinaisha kila mwaka. Watu wanacheka, eti niuze chuma chakavu. (Isyonje)

Waache wacheke, 504 imelisha watoto wengi nchi hii.

Yako ni ya aina nyingine kabisa: rola za mshazari, mbili kila gurudumu, kubwa ndani na ndogo nje, kila moja na kikombe chake (ringi yake ya nje). Nadhani nimeshamwona adui wako. Unashuka na mzigo kuelekea Uyole, breki zinachemka, joto linaingia kwenye habu na grisi inalainika. Chini unakuta dimbwi. Habu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Teremka kwa gia. Kila ukibadilisha beringi badilisha na sili, hata kama ya zamani "bado nzuri".

Rola mpya juu ya kikombe cha zamani usikubali kamwe. Grisi iwe ya kustahimili joto, ya beringi za magurudumu. Isukume kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa rola. Lakini habu usiijaze yote, maana grisi nayo inahitaji pa kutanukia. Kukaza: zungusha gurudumu huku unakaza nati mpaka ikaze, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu na ufunge. Ukiendesha kilomita kumi hivi, gusa habu. Uvuguvugu ni kawaida, ila ikikuunguza mkono umekaza mno. Na mvua zikiisha, fungua, osha, paka upya. Wala usisubiri mlio.

Baada ya kubadilisha beringi, taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) imewaka na haizimi. (Iringa Mjini)

Huenda imefungwa kinyume. Beringi nyingine zina ringi ya sumaku upande mmoja, ile yenye rangi nyeusi au kahawia isiyong'aa, na lazima itazame sensa inayosoma mwendo wa gurudumu. Toyota nyingi za zamani husoma meno yaliyo kwenye shafti, kwa hiyo hazina shida hii. Zako kama ni za sumaku, imekula kwako: kuitoa kwa presi mara nyingi ndiyo mwisho wake. Angalia kwanza waya wa sensa, labda umekatwa wakati wa kazi.

Alhamisi nasafiri kwenda Dar na familia. Beringi ya kulia inavuma lakini haichezi. Itafika? (Soweto, Mbeya)

Pengine ingefika, mama. Lakini ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna Kitonga, ambako utateremka umebanwa kati ya malori na breki zinawaka. Sitaki kujua itaanza kucheza kwenye kona ya ngapi. Lete gari kesho asubuhi. Upande mmoja, kama habu ni nzima, utaondoka kabla ya chakula cha mchana.