Je, Ulimbwende ni Mashairi ya Mapenzi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fasihi, nipo Morogoro. Tunasoma juu ya ulimbwende wa Ulaya, nami kila nilisikiapo neno hilo huwaza walimbwende wa mashindano ya urembo. Je, ulimbwende maana yake ni mashairi ya mapenzi? Na ni kweli kwamba washairi hao waliandika pale tu hisia zilipowapanda, bila kusahihisha?

JIBU: Neno hilo limewakanganya wengi kabla yako. Mlimbwende katika Kiswahili ni mtu apendaye kujipamba, na wanafasihi wetu walipoliazima kuuita mkondo huu wa fasihi walituachia mzigo (binafsi nisingelichagua, ila limekwisha kuzoeleka). Jina la Kizungu, Romanticism, limetokana na hadithi za kale za mashujaa na maajabu, zilizosimuliwa katika lugha za wenyeji zilizozaliwa na Kilatini. Mapenzi yalikuwamo, lakini hayakuwa peke yake.

Mkondo wenyewe ulipata nguvu mwishoni mwa karne ya 18, hasa Ujerumani na Uingereza, wakati Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalipokuwa yakitikisa fikra za vijana. Mwaka 1798 washairi wa Kiingereza William Wordsworth na Samuel Taylor Coleridge walichapisha diwani ya pamoja bila kuweka majina yao, na katika dibaji ya toleo la 1800 Wordsworth alitetea ushairi unaohusu maisha ya watu wa mashambani na ulio karibu na lugha wanayoizungumza wenyewe.

Dhana unayoiulizia katika swali lako la pili imetoka katika dibaji hiyohiyo. Humo Wordsworth anasema kwamba ushairi ni hisia kali zinazofurika zenyewe, na wengi wanaomnukuu huishia hapo; kumbe anaongeza papo hapo kwamba mashairi yenye thamani hutungwa na mtu aliyekwisha kufikiri sana na kwa muda mrefu, na mbele kidogo anaeleza kuwa shairi huanzia katika hisia inayokumbukwa mtu akiwa ametulia.

Litazame shairi lake mashuhuri la maua ya dafodili. Tarehe 15 Aprili 1802 alikuwa akitembea na dada yake, Dorothy, kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, upepo ukivuma kwa nguvu, wakayakuta maua hayo yametanda ufukweni. Dorothy aliandika katika shajara yake kwamba mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kana kwamba ni mito, na mengine yalicheza na kama kucheka na upepo. Kaka yake hakulitunga shairi hadi 1804, akalichapisha 1807, kisha mwaka 1815 akalitoa tena likiwa na ubeti mpya na maneno kadhaa yamebadilishwa. Mishororo miwili ya ubeti wa mwisho, ile inayotaja jicho la ndani, ilitoka kwa mkewe Mary, naye Wordsworth mwenyewe alikiri kuwa ndiyo bora kuliko yote. Na huyo msemaji wa shairi anayeanza kwa kutuambia kwamba alikuwa akizurura mpweke kama wingu, siku ile alikuwa na Dorothy ubavuni.