Niongeze saa ngapi za kofia ili nisiogope mawingu?

SWALI: Nakaribia mtihani wa leseni ya rubani binafsi. Nimemaliza saa tatu za kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vya ndani tu, nikiwa nimevaa kofia ya kuzuia kuona nje. Rafiki yangu anasema kwa kuwa ndege ina otopailoti (mtambo wa kuiendesha yenyewe) na nina picha ya rada ya hali ya hewa kwenye tableti, hizo zinatosha. Niongeze ngapi ili nikiingia mawinguni nitoke salama?

JIBU: Ongeza, ila si kwa sababu hiyo. Saa tatu ndicho kiwango cha chini cha leseni hiyo huko Marekani, na shabaha yake ni ujue kugeuza ndege na kurudi ulikotoka. Hazikupi ruhusa ya kuendelea na safari.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Walipofundishwa mbinu rahisi ya kugeuka nyuzi 180, karibu wote walifaulu. Kwa hiyo mafunzo yanasaidia, lakini kwa kutoka tu.

Kinachonikera ni watu kudhani wingu humvamia rubani ghafla. Mara nyingi upeo wa macho hufifia kidogo kidogo, mawingu yanashuka, naye anashuka nayo huku akijiambia mbele kutakuwa kweupe. Kofia haifundishi hilo hata kidogo! Mkufunzi ndiye anayesema "vaa", ndege ikiwa imetulia nawe umejiandaa. Kughairi mapema, ungali unaona mbali, hakuna anayekupa zoezi. Mwombe mkufunzi mruke pamoja siku ya hali ya wastani, ndani ya sheria, na wewe ndiwe useme lini mnageuka. Mpaka wa kimo cha mawingu na umbali wa kuona uuandike kabla ya kuwasha injini.

Rafiki yako anakupotosha. Picha ya rada kwenye tableti inaweza kuwa imepitwa na dakika 15 hadi 20 kuliko muda inaouonyesha. Otopailoti nayo ikijizima ndani ya wingu, unapokea ndege huku sikio la ndani likikudanganya: ukizunguka mfululizo kwa sekunde 20 hivi, mwili huhisi umenyooka.

Wapo pia wanaouza kozi za siku moja za simuleta (mashine ya kuigiza kuruka) kwa ahadi ya "kuyashinda mawingu". Kabla ya kulipa, waulize ni mazoezi mangapi humo ambayo jibu sahihi ni kutopaa kabisa.