Kabla ya Kuuliza Bei ya Chumba, Uliza Maji

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nakuru aliniandikia akitaka kujua kama bado kuna haja ya kuja Mombasa, kwa kuwa jamaa zake waliorudi Desemba walimwambia kwamba pwani yetu imejaa watu mpaka haina ladha tena. Swali hilo limenikaa moyoni kuliko alivyokusudia, kwa sababu katika msongamano huo mkono wangu umo.

Nina miaka 13 ya kuwapeleka wageni baharini, tangu nilipoanza na boti ya kioo ya mjomba wangu pale Bamburi. Mwaka 2018 niliandika katika ukurasa huu kuhusu dimbwi moja ndani ya mwamba ambalo, maji yakipwa, hubaki limetulia kama maji ya birika, na chini yake viti vya pweza vyekundu, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vimetanda juu ya mchanga. Nilieleza njia, nikataja saa, nikaweka na picha. Makala ile ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, hata nikaalikwa redioni, na sitaficha kwamba nilitembea mtaani kifua mbele kwa majuma kadhaa.

Mwaka ule ule niliokuwa nikiitangaza siri yangu, Thailand ilikuwa ikiifunga ghuba yake ya Maya Bay, kwa sababu matumbawe yalikuwa yamechakazwa na nanga na miguu ya wageni. Haikufunguliwa tena mpaka Januari 2022, na hata hapo boti zilikatazwa kuingia kwa mbele. Nilizisoma habari hizo nikaona ni mambo ya watu wa mbali.

Desemba 2023, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, nilifika dimbwini na wageni wanne nikakuta boti 14 zimetia nanga. Mtoto mmoja alikuwa amekaa begani mwa babake, amekiinua kiti cha pweza juu kama kombe la mpira, huku mpiga picha akiwaomba wasubiri jua litoke mawinguni. Walisubiri. Kilipotupwa majini kiliangukia chali, mikono yake ikawa inajikunja taratibu, na hakuna aliyeinama kukigeuza. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipita na ngalawa yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akautazama umati ule, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hawa ndio wageni wako?” Akatia pondo akaenda zake.

Nimewahi kutukanwa kazini mara nyingi, lakini sijawahi kuumizwa kama siku ile. Kampuni moja ya safari, ambayo sitaitaja, ilikuwa tayari imeichukua picha yangu bila ruhusa na kuiuza kama “siri ya Mombasa”. Mpaka leo sijaombwa hata radhi. Basi hilo nalo limo katika hasira yangu, nisijifanye mtakatifu.

Hata hivyo, jamaa za dada yule wamechanganya mambo mawili. Mji wenyewe hauharibiwi na wingi wa watu. Huu ni mji wa bandari, ambao kwa karne nyingi majahazi yaliuletea wageni kwa upepo wa kaskazi na kuwaondoa kwa kusi. Jioni ya Jumapili pale Mama Ngina, kando ya bahari, muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili huwa mtamu zaidi kwa sababu ya makelele yanayouzunguka. Kinachoharibika ni mwamba, ambao hauna mlango wa kufunga. Matumbawe yetu mengi yalipauka na kufa kwa joto la El Niño mwaka 1998, na yanajijenga polepole mno, kwa hiyo mguu wa mgeni hukanyaga juu ya kidonda.

Ushauri wangu, basi, kwa kuwa najua wewe pia unaitafuta pwani ambayo haijachoshwa: kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kuelekea saa nne au saa tano za asubuhi, na huo ndio wakati kila boti hukimbilia mwambani ili watu washuke kwa miguu. Wewe chagua maji mafu, siku ya nane au ya tisa tangu mwezi uandame, ambapo asubuhi mwamba hubaki umefunikwa na huna budi kuelea juu yake badala ya kuukanyaga. Chagua Februari, shule zikiwa zimefunguliwa na kaskazi ikiwa imetulia. Nahodha akikutolea kiti cha pweza majini ili akufurahishe, mwambie akirudishe, na usimwonee haya; yeye anakitoa kwa sababu sisi wageni na waandishi tumemzoesha hivyo. Nasema tena: uliza maji kwanza.

Dada wa Nakuru nimemwambia aje Februari, wiki ya maji mafu, na tutaondoka ufukweni saa mbili asubuhi. Aliniuliza kama tutapita kwenye lile dimbwi la pichani. Nimemjibu kwamba picha nimeifuta, na kwamba huko hatutapita.