Mume anasahau, hataki hospitali

Pole sana, dada. Unasema mzee ana miaka 61, anarudia swali lilelile, juzi kapotea akitoka Soko la Majengo kurudi nyumbani, na ukitaja hospitali anawaka. Usimwambie "unasahau". Mwambie mnakwenda wote kupima presha na sukari. Si uongo, vitapimwa kweli.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: tarehe, nini kilitokea, saa ngapi. Mpe daktari pembeni, maana wengi hujikaza chumba cha daktari wakajibu vizuri kabisa. Beba dawa zake zote, hata za dukani: amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na zile za mafua zenye klofeniramini huweza kuvuruga kumbukumbu za watu wenye umri mkubwa.

Anzeni kituo cha afya, ombeni rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ulizia vipimo vya wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Kama aliwahi kugonga kichwa, hata kidogo, sema: damu huweza kuvuja taratibu na kukandamiza ubongo wiki kadhaa baadaye, na CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, huionyesha. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, nayo hufanana na usahaulifu. Haya yana tiba.

Akichanganyikiwa ghafla, au mdomo ukipinda, msisubiri miadi. Mpelekeni dharura saa hiyohiyo.